Mgonjwa wa Nyumbani

Kaka yangu alioa Zambia. Ni fundi wa treni, na kazi yake humtembeza kwenye reli ile inayopita kwetu Ifakara na Mlimba hadi Kapiri Mposhi, kwa hiyo hatukushangaa sana alipotuambia kwamba amepata mchumba kule mwisho wa reli. Kilichotushangaza ni kwamba mchumba hakujua Kiswahili hata kidogo. Alikuwa na Kibemba chake na Kiingereza. Na kwa kuwa kaka yupo safarini muda mwingi, hakutaka mkewe abaki peke yake kwenye chumba cha kupanga. Akamleta kwa mama.

Mama anakaa Ifakara, upande wa Kivukoni, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba, na mashamba ya mpunga yanaanzia palepale nyuma ya choo. Kiingereza hana. Mimi ndiye niliyekuwa nacho, kile cha sekondari na kile cha maboksi ya dawa, maana nauza kwenye duka la dawa mjini. Basi nikawa mkalimani. Wakikwama walinipigia simu, wakaiweka spika, nami nikatafsiri huku mteja ananisubiri.

"Mwambie aniletee mchele," mama alisema siku moja.

Nikamwambia wifi, "Please bring the rice." Nikasikia kishindo cha kitu kinaburutwa, halafu mama akaanza kucheka. Wifi alikuwa amemletea gunia la mpunga, lile lililokuwa linasubiri kupelekwa mashineni kukobolewa.

"Kwani mchele kwa Kiingereza unaitwaje?" mama akaniuliza.

"Rice."

"Na mpunga?"

"Rice."

"Wali je?"

"Ni rice hiyohiyo, mama."

"Masikini," akasema. "Hawa hawajawahi kulima."

Ilinichekesha, lakini dharau hiyo haikudumu. Mama ni mtu wa kupenda maneno. Akisikia neno geni hulirudia kinywani kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Asubuhi za mwanzo wifi alikuwa akipiga goti mbele yake na kusema, "Good morning." Mama akataka kujua ajibu nini. Nikamwambia ajibu "good morning."

"Nimrudishie hilohilo? Sasa hapo mkubwa nani?"

Nikamweleza kwamba salamu hiyo haina mkubwa wala mdogo. Mtu anakutakia asubuhi njema, nawe unamtakia. Akafikiri. "Yaani huyu binti anaamka, kabla hata hajanawa uso, ananiombea mimi asubuhi njema?" Nikasema ndiyo. Kuanzia hapo alidai zote mbili, shikamoo kwanza, kisha good morning, na ya pili aliipokea huku anatabasamu.

Wakati wa mavuno mundu ulimkata mama kidole. Wifi akamrukia, akaushika mkono, akawa anasema, "Sorry, Mayo, sorry, sorry." Mayo ni mama kwa Kibemba. Jioni nilipofika, mama alinionyesha kidole kilichofungwa kitambaa.

"Nimejikata mwenyewe, yeye ananiomba msamaha. Nimemwambia wewe hujanikosea kitu, lakini hanielewi."

Nikamwambia kwamba sorry inasema samahani na inasema pole vilevile. Aliyekosa na anayekuhurumia wanatumia neno moja.

"Lote moja?" Macho yake yaling'aa. "Basi huyo aliyelitunga alikuwa na moyo. Maana mtu akikuonea uchungu hivyo, ni kama kosa ni lake." Nami niliyekuwa nalo neno hilo tangu darasani sikuwa nimewahi kulitazama kwa namna ile.

Mpunga ulipoingia ndani na kazi kupungua, wifi alibadilika. Alikaa mlangoni akitazama barabara. Chakula alikigusa tu. Siku moja mama alinipigia dukani, sauti yake imekauka: "Njoo na kipimo cha malaria. Mkwe wangu hajaamka kitandani."

Nilifunga duka, nikapanda bodaboda. Nilimkuta wifi amelala kaelekea ukutani, mama ameketi miguuni pake na bakuli la uji uliopoa. Nikampima. Malaria hakuna. Homa hakuna. Nikamuuliza kwa Kiingereza anaumwa wapi, akatikisa kichwa.

"I'm just homesick," akasema, kisha akajifunika kanga usoni.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Kwa haraka yangu nikatafsiri jinsi lilivyokuja: "Anasema ni mgonjwa wa nyumbani."

Mama akaweka bakuli chini. Alinyanyuka taratibu, akatoka nje, nami nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye ua, mikono kiunoni, akiitazama nyumba yake.

"Nyumba hii ndiyo iliyomtia ugonjwa?" akaniuliza. "Tumemfanya nini? Nimemlaza kwenye kitanda changu, chakula kizuri nampa yeye kwanza."

Hapo ndipo nilipoliona neno lenyewe, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyolitupa. Nikamketisha kwenye kibao cha kibaraza. Nikamweleza kwamba Waingereza wana mtu wa carsick, ambaye gari linamtapisha, na wana wa seasick, ambaye bahari inamtapisha. Lakini homesick wao hatapishwi na nyumbani. Anaugua kwa sababu nyumbani kuko mbali.

Mama akalizungusha kichwani. "Kumbe gari linakutia ugonjwa ukiwa ndani yake, nyumbani kunakutia ugonjwa ukiwa nje."

"Ndiyo hivyo."

"Na wanauita ugonjwa? Kabisa?"

"Kabisa, mama. Sick."

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipoletwa huku bondeni, bibi arusi kutoka milimani Mahenge, alilia msimu mzima wa mvua. Joto lilimtesa, maji ya mto yalikuwa na ladha ya matope, na asubuhi alipofungua mlango hakuona mlima popote. Waliomzunguka walisema ana utoto. Mama mkwe wake akamwambia atazoea. Akazoea kweli.

"Lakini hakuna aliyeniambia kwamba naumwa," alisema. "Nilidhani ni ubaya wangu tu. Kumbe wenzetu wanajua, wameupa na jina." Akageuka kunitazama. "Dawa yake nini?"

Tukarudi ndani nikamuuliza wifi swali hilo kama lilivyo. Alitoa kanga usoni, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, huku machozi yanatoka. "Home," alisema. Kwa hili mama hakuhitaji mkalimani.

Kaka aliporudi, mama alimwambia amruhusu mkewe aende kwao akapumzike. Kaka akakataa. Alisema watu wa kule watamwona ameshindwa kutunza mke. Kisha akasema lililokuwa moyoni: "Na asiporudi?"

"Mwanao akiugua utamfungia ndani kwa kuogopa kwamba hospitali watamchukua?" mama akamuuliza.

"Huyu haumwi, mama."

"Anaumwa. Muulize dada yako, Waingereza wameandika." Alilisema kwa mkazo wa mtu aliyeshika cheti cha daktari. Kaka alinigeukia, nami nikasema ni kweli, limeandikwa. Akaenda kumkatia mkewe tiketi.

Tulimsindikiza stesheni. Mama alimfungia mchele, na kuku mmoja ndani ya kapu, akamshika mikono yote miwili. Treni ilichelewa sana, kwa hiyo walikaa wameshikana hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akiongea lugha yake.

Kaka alikonda kipindi hicho. Alijifanya hana wasiwasi, ila kila simu ilipoita alikuwa wa kwanza kuishika. Watu walikuwa wameanza kusafisha mashamba kungoja mvua aliposhuka wifi kwenye treni, amenenepa, ana mfuko wa kapenta, wale dagaa wakavu wa kwao, na namba ya simu ya mama yake. Alimwambia mama kwamba mzazi wake anataka kumsikia.

Sasa wazee hao wawili huzungumza kila Jumapili baada ya misa. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na Kiingereza, na walicho nacho kingeingia kwenye kiganja, lakini wanakigawana vizuri. "Rain?" anauliza yule wa Zambia. "Rain!" anajibu mama, na mara nyingine hicho kinatosha, wanacheka tu. Masika yaliyopita maji yalipofika karibu na kibaraza, mama alisema, "Rain too much." Halafu yule mama wa Zambia akauliza neno refu, mama akaielekeza simu kwangu. Mwenzake alitaka kujua kama mama anampenda binti yake.

Mama hakungoja nimalize kutafsiri. "Too much!" alisema kwa sauti kubwa.

Wifi, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akamrekebisha kwa Kiswahili chake ambacho sasa kimenyooka: "Mama, too much ni kupita kiasi. Sema very much."

"Najua ni kupita kiasi," mama akasema. "Wewe pepeta mchele."

Akaendelea na simu mpaka salio likaisha.