Kadi ya Kaka Yangu

Daftari la timu yetu ninalo mimi. Aliniletea katibu mwenyewe, akiwa ameshazeeka, akaliweka mezani na kuniambia niandike historia ya timu kabla sisi sote hatujaisha. Kwa kuwa nilisoma kidogo, aliona kazi hiyo ni yangu. Alipoondoka nililifungua nikatafuta jina langu. Halimo. Nilicheza msimu mzima na kipande katika timu ile, nikafunga mabao manne, nikavunjika mguu, na jina langu halimo hata mahali pamoja. La kaka yangu limo ukurasa baada ya ukurasa, na mechi ishirini na kitu za mwisho alizicheza akiwa tayari amezikwa.

Timu ilikuwa ya Kibera, ya vijana wa upande wetu wa reli, wengi wao watoto wa watu waliotoka magharibi au ziwani kuja kutafuta vibarua. Kiwanja kilikuwa chini ya mtaa wa Makina na kilikuwa kimeinama upande wa mtaro, kwa hiyo kila nahodha akishinda kura alichagua kushambulia kuelekea mtaroni kipindi cha pili, miguu ikiwa imechoka. Katibu alikuwa fundi wa viatu pale Makina, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Hakuwahi kupiga mpira teke maishani, lakini alishona njumu zetu zote na kutunza kadi za wachezaji kwenye mkebe wa biskuti.

Jezi zilitoka kwa mama yangu. Alikuwa akiuza mitumba Soko la Toi, nguo za watoto, na siku moja alifungua robota akakuta jezi kumi na nne za kijani, zenye nembo ya daraja na jina la kijiji fulani cha Uingereza.

"Za kina nani hizi, Mama?" kaka aliuliza.

"Za watu. Zifueni."

Timu ikajiita kwa jina la kile kijiji, nasi tukalitamka vibaya miaka yote. Wenyewe hatukuwajua. Ukizitazama jezi zile, ungesema walikuwa watu wenye matumbo. Kaka alichukua nambari nane, akaikunja kiunoni ili imtoshe, na alipokuwa hai hakuna mwingine aliyeivaa.

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama yangu aliitwa Mama wa kaka yangu kabla mimi sijafikiriwa. Wateja walimwita hivyo, kanisani walimwita hivyo, na hata mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu wa adabu, alimwita hivyo. Jina lake mwenyewe nililijua siku nilipokwenda kuomba kitambulisho.

Kaka aliumwa kichwa Jumanne. Ijumaa asubuhi alikuwa amekufa. Walisema ni homa ya uti wa mgongo. Tulimsafirisha nyumbani, tukamzika karibu na babu, tukarudi Nairobi. Sina la kuongeza hapo. Nilingoja kulia namna mtu anavyongoja chafya, na haikuja.

Wanawake wa Toi walikwama. Kumwita mama yangu kwa jina la marehemu ilikuwa kumchoma, na kuacha ilikuwa kumnyang'anya jina. Wakaanza kusema "jirani", au "mathe", au kumgusa bega tu. Yeye aliliona hilo. Nyumbani naye aliniacha hivyo hivyo. Mara mbili alifungua kinywa kuniita, likatoka jina la kaka. Baada ya hapo nikawa "wewe". Wewe, lete maji. Wewe, kula. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu zimeanza, na kitu kimoja tu nilichotaka duniani kilikuwa mama yangu aniite kwa jina langu. Ningeona aibu kumwambia mtu.

Jumapili ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kiwanjani kurudisha njumu za kaka, maana zilikuwa mali ya timu. Nilikuta wachezaji wetu kumi wamepangwa mstari, refa anakagua kadi. Utaratibu ulikuwa huu: refa anaita jina, mchezaji anasema "niko", anasogea mbele, refa anamtazama uso na picha. Katibu alikuwa ameandika orodha kama kawaida yake. Mkono umezoea, alinieleza baadaye, uliandika wenyewe, na kadi akaitoa mkebeni pamoja na nyingine.

Refa akaita jina la kaka. Kimya. Akaita tena. Wanaume kumi wazima wakawa wanatazama viatu vyao. Kimya kile sikukiweza.

"Niko, ref," nikasema.

Refa akatazama picha, akanitazama. Tulifanana paji la uso na macho. Akanipa ishara nikavae.

Nahodha alinishika mkono pembeni. "Buda, unajua umefanya nini?"

"Sijui."

"Basi vaa. Unacheza namba nane."

"Mimi ni beki."

"Leo wewe si beki."

Njumu zilinizidi, tukazijaza magazeti. Ndani ya mchezo ilibidi waniite kwa jina la kaka, kwa kuwa wapinzani wana masikio. Mara ya kwanza walipoliita sikugeuka, na mpira ukanipita ukatoka nje. Baada ya mwezi nilikuwa nageuka kabla hawajalimaliza. Nilifunga bao, wakanirukia kumi wote, wakilia wengine, jina la kaka likipigwa kelele masikioni mwangu. Moyoni sikusikia kitu. Nilikuwa nahesabu tu watashuka lini mgongoni mwangu.

Mama hakujua. Jumapili alikuwa kanisani, na ibada ilikuwa ndefu. Lakini siku moja iliisha mapema, akapita njia ya juu ya kiwanja, akasimama. Nilimwona. Alikuwa na Biblia mkononi na kitambaa cheupe kichwani. Mtu wetu mmoja alikuwa ananiomba pasi kwa sauti yake yote, yaani alikuwa anamwomba kaka. Nikajua leo nimekwisha, atashuka anivute sikio mbele ya watu. Hakushuka. Alisimama pale mpaka filimbi ya mwisho, akaenda zake. Nyumbani aliniwekea ugali na sukuma wiki, akasema, "Wewe, kula."

Jumapili iliyofuata alikuja na stuli. Akaketi nyuma ya goli letu, mahali ambapo makelele ya mabeki ni mengi. Hakutazama mpira hata kidogo. Ungempita mbele ya pua asijue umekwenda wapi. Alikuwa anasikiliza. Mchezo ukipoa anainama mbele. Siku moja alimlalamikia katibu, "Leo hawamwiti sana," na katibu, mzee wa watu, akaenda kumnong'oneza nahodha. Kipindi cha pili niliitwa hata mpira ukiwa upande wa pili wa kiwanja.

Msimu ulipokwisha katibu alinifuata na fomu mpya. "Sasa tukuandikishe wewe mwenyewe," alisema. "Hii kadi nyingine haifai. Inaninyima usingizi."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa chini, anapanga suruali za watoto za kupeleka sokoni kesho yake. Nikamwambia.

"Halafu watakuwa wanamwita nani?"

"Mimi. Kwa jina langu."

Alikunja suruali moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Na yeye ataitwa wapi?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Nilikasirika. Nilimkasirikia Mama, na kaka nilimkasirikia zaidi, ambaye alikufa na bado akawa na sehemu mbili za kuishi, kiwanjani na kwa Mama, wakati mimi niliyekuwa hai sikuwa na hata moja. Kesho yake nilimwambia katibu aache ilivyo. Aliikunja fomu akaitia mfukoni bila kuniuliza.

Mechi ya mwisho tuliicheza msimu uliofuata, huko Kawangware, mtaa uitwao Kongo, na timu ya pale. Tulikwenda kwa miguu, Mama nyuma yetu na stuli yake, amebadilisha viatu vya kanisani. Kiwanja kilikuwa cha murram, ile changarawe nyekundu, nacho kidogo, mabati ya nyumba yakiwa ndiyo mstari wa pembeni. Kipindi cha pili nilipokea mpira nikiwa nimegeuza mgongo, na beki wao, jitu la kazi ya mjengo, akaja na miguu miwili. Mfupa ulilia, kila mtu akausikia. Nikaanguka.

Wakanizunguka wakiita jina la kaka. Inuka, buda. Inuka. Na watazamaji wa Kongo, ambao walikuwa wamelizoea jina hilo jioni nzima, wakaliita pia. Katikati ya miguu ile nikaona viatu vya mama yangu. Alisimama akinitazama, hatimaye mimi mwenyewe. Halafu akaniita. Aliniita kwa jina langu lote, na la babu juu yake, vile alivyoniita utotoni nikivunja sahani. Aliita mara tatu, na kila mara kwa sauti zaidi.

"Huyo ni nani sasa?" nahodha wao akauliza.

Refa akatia mkono mfukoni, zilikokuwa kadi zetu za wachezaji. Katibu wetu akaja mbio na makubazi yake. "Mama, tafadhali, polepole. Ref anasikia."

"Asikie," Mama akasema. "Huyu si yule. Yule nilimzika mimi."

Hivyo ndivyo timu ilivyokufa, kwa wale wanaotaka kujua. Wachezaji wenzangu waliozeeka husema tuliuawa na mtu aliyekuja na hati akazungushia kiwanja ua wa mabati. Huyo alikuja baadaye, akakuta hakuna wa kumzuia. Ligi ilitufukuza, matokeo yakafutwa, na katibu akakatazwa kusimamia timu yoyote. Jezi zilitawanyika, moja nilikutana nayo Kawangware imevaliwa na msukuma mkokoteni. Katibu hakunilaumu mimi wala Mama. Mstari wa mwisho wa daftari uko katika mwandiko mzuri wa katibu: mechi haikuisha, nambari nane aliumia. Jina aliloandika hapo ni la kaka. Nilipomuuliza alisema ndilo lililokuwa kwenye kadi, ila kama nataka kusahihisha, kalamu ninayo.

Sijasahihisha. Nimelitazama jina lile mara nyingi na ninaliacha pale, kwa sababu najua nililala wapi siku ile na nani aliniita.

Nililala kwenye murram, mguu umepinda, watu wakibishana juu yangu kuhusu kadi. Mama alipiga magoti, akavua kitambaa chake cheupe, akanifuta mchanga usoni. Akaniita tena, sasa kwa sauti ya chini, kwa jina langu.

"Niko," nikasema.

Ndipo kilio kikanijia, kile cha tangu ile Ijumaa, na wachezaji wote wakadhani ni mguu.