Ndoo ya Maji ya Rangi

Pua yangu ilikufa, na mume wangu akawa ndiye pua yangu. Tangu tuoane, garaji yake ya kupaka magari rangi imekuwa humu humu uani kwetu, mtaani Katoyi. Kwa miaka mingi nilipika, nikafua na kulea watoto katikati ya harufu ya diluant, ile dawa kali ya kuzimulia rangi. Siku moja maharagwe yaliungua mbele yangu, nami nimekaa palepale nikichambua sombe, majani ya muhogo, sina habari. Daktari alinieleza wazi: nikiacha kuvuta hewa ile, huenda pua ikarudi. Nisipoacha, nisahau.

Mume wangu ni mtu wa Butembo, si wa maneno mengi. Siku hiyo alisimama mbele ya sanamu ya Bikira Maria pale sebuleni akaapa kwamba diluant haitaingia tena uani, garaji itapaka rangi ya maji. Akanunua makopo mapya. Nilimwona akisuuza pistole yake ya kupulizia rangi kwa maji matupu kwenye ndoo, nikacheka kwa furaha. Na kwetu maji huja bidoni kwa bidoni, dumu kwa dumu, hayamwagwi ovyo. Yale ya kusuuzia nikawa nayanyunyiza uani kulaza vumbi jeusi, na nikimaliza kupika nazimia makala ya mbabula, jiko letu la makaa, yabaki ya jioni.

Kazi ya kunusa ikawa yake. Maziwa yakinitia shaka, nampa anuse. Samaki wa Vitshumbi, kule ziwani, wakifika, ananusa yeye kwanza ndipo nishike kisu. Na kila asubuhi nilikuwa naweka kikombe cha kahawa chini ya pua, nafumba macho, navuta. Hakuna kitu. Yeye ananitazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Itarudia, mama," ananiambia. "Pole pole."

Nilimwamini hadi nikawa msemaji wake. Jirani yetu, mama mmoja wa upande wa Bukavu, karani ofisini, alikuja kunilalamikia kwamba kichwa kinamuuma kwa ajili ya garaji yetu. Nilimkata kauli. Nilimwambia kwetu siku hizi ni rangi ya maji tu, atafute maumivu yake kwingine. Alinitazama kidogo, akaenda zake. Mimi nikaona nimemweza.

Kisha mvua zikashika. Siku moja, asubuhi, nilikuwa nimeepua maharagwe, makala bado mekundu. Mume wangu alikuwa ameiacha ndoo yake karibu na gari alilokuwa akilipaka, akaenda getini kumsikiliza mteja. Siku hizo alikuwa akiimwaga mwenyewe, na mimi nilidhani ananihurumia mgongo. Nikaichukua ile ndoo ya maji ya kijivu, nikainama juu ya mbabula.

Akageuka. "Mama, hapana! Ile haiko maji!"

Nilikuwa nimeshaanza kumimina. Moto ulinirukia usoni, ukala nyusi, ukashika mkono wangu na kitenge. Alinikimbilia akanifunika na turubai lake, na nakiri alikuwa mwepesi. Lakini hata kabla sijasikia maumivu, maneno yake yalikuwa yameshaniingia. Alijua.

Jirani ndiye aliyekuja kunimwagia mkono maji, maji ya kweli. Nikamwambia nimedanganywa. Akaendelea kumimina, halafu akasema kwa upole:

"Mama, usikasirike. Sisi wote tunasikiaka ile harufu tangu mvua ianze. Tuliwaza unamufunikaka bwana yako."

Mtaa mzima ulijua. Mimi peke yangu, mwenye nyumba, ndiye niliyekuwa nikizunguka nikijisifia hewa safi.

Mume wangu alikaa kwenye tairi, mikono magotini. "Mvua ilinishinda. Ile rangi ya maji haikauke mu baridi, na watu wanalilia motokari zao. Njo maana nikarudilia ya zamani."

"Na makopo mapya?"

"Nilikuwa namimina mule ndani, usione."

Sikumpigia kelele. Nilifikiria kahawa. Kila asubuhi ya mvua zile nilivuta kikombe kile nikiwa na tumaini, na mtu aliyekuwa akinitilia sumu uani alikuwa mezani akiniambia pole pole. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mkono. Hata leo likinijia, nashindwa kumalizia kikombe.

Siku hizi anapaka rangi ya maji kweli. Mvua ikinyesha, wateja wanasubiri, wakikasirika anawavumilia. Pua haijarudi. Labda isingerudi hata hivyo, daktari hakuniahidi. Sitajua kamwe, na hilo pia ni yeye aliyeniachia.

Juzi walifika samaki wa Vitshumbi. Mume wangu aliwanusa mmoja mmoja, kwa makini, kama zamani. "Wako wazima, mama."

Nilichukua sahani kutoka mkononi mwake, nikatoka nayo hadi kwa jirani, nikamwomba anuse. Akanusa. Wazima.

Alikuwa amesema kweli. Nilirudi nikawapika, tukala wote. Na asubuhi yake, maziwa nayo nikayapeleka kwa jirani.