Dawa Yenye Mkono wa Kushoto

Mwezi Agosti Nikuze alirudi kwao Kibingo na begi lililojaa karatasi. Mwaka wa pili wa famasia ulikuwa umemwachia sapu moja, mtihani wa marudio wa kemia ya dawa. Akifeli tena Septemba, chuo kingemwondoa.

Kilichomwangusha kilionekana kidogo. Kuna molekuli za dawa ambazo ni mapacha: vipande vilevile, idadi ileile, ila moja ni kama taswira ya mwenzake kwenye kioo. Kwenye mtihani alichorewa mapacha wa aina hiyo akaandika kwamba ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Mhadhiri alikata jibu kwa wino mwekundu. Tangu hapo Nikuze alichora na kuchora kwa rula na kalamu za rangi, na bado macho yake yaliona kitu kimoja.

Asubuhi moja alimkuta mama yake, Mukantabana, uani, akipanga agaseke, vikapu vyenye mfuniko uliochongoka. Mteja wa Karagwe alitaka viwili vinavyofanana. Kimoja mama alikisuka mwenyewe. Cha pili Nikuze alikisuka wiki ile, akifuatisha mizunguko na mstari mweusi unaopanda hadi kwenye ncha.

"Hiki chako hakiendi," mama alisema.

"Kwa nini? Nimehesabu kila mzunguko."

"Wewe ni mashoto. Mstari wangu unapanda kulia, wako unapanda kushoto."

Nikuze akakichukua. Akakizungusha, mstari ulipanda kushoto. Akakipindua, ncha ikaelekea chini. Mstari bado ulipanda kushoto. Akakilaza, akakisimamisha, akakipindua tena.

"Hata ukikizungusha mpaka Krismasi," mama alisema. "Ukitaka kifanane na changu, kifumue usuke upya."

Nikuze akakaa chini palepale, kwenye maganda ya ndizi. Nyasi zilezile, uzi uleule, mizunguko ileile, na hakuna namna ya kukishika ambayo ingekifanya kuwa kile kingine. Nywele za mikono zilimsimama.

"Umeumwa na siafu?" aliuliza baba yake, Harerimana, aliyekuwa akianika kahawa.

"Hapana, baba. Mama, ile brufeni ya mgongo wako, ndani ya kila kidonge kuna mapacha kama vikapu hivi, nusu kwa nusu. Pacha mmoja ndiye anayetuliza maumivu."

"Na mwenzake?"

"Yeye mwenyewe hafanyi kazi hiyo."

"Kwa hiyo nusu nameza bure!"

"Si bure. Ukishammeza, ini linamfumua mahali pamoja tu na kumsuka upya. Wengi wao hugeuka wakawa kama yule mwenzake."

Mukantabana akaweka kiganja ubavuni kushoto. Nikuze akakihamishia kulia. Mama akakiacha kiganja palepale.

"Ini hili hili? Hata nikiwa napalilia?"

"Hata ukiwa umelala."

"Basi ini la mama yako limesoma kukupita," Harerimana akasema. "Lenyewe halina sapu."

Kwa wiki tatu zilizobaki Nikuze hakugusa rangi wala rula. Alichukua kila mchoro, akaugeuza kichwani polepole, akijiuliza kama ungeweza kufanana na wa pili bila kufumuliwa.

Septemba, kwenye ukumbi wa mtihani, jozi nane za michoro zilimchukua dakika kumi na tano. Swali la mwisho liliuliza kwa nini mwili huwatofautisha mapacha hawa. Aliandika kwamba protini ambazo dawa hunasa kwazo zimejengwa kwa asidi za amino, na kwamba katika viumbe hai asidi hizo karibu zote ni za upande mmoja, ule unaoitwa wa kushoto.

Alipoweka nukta, kalamu ikasimama. Akautazama ukumbi: vichwa sitini vimeinama, msimamizi akipiga miayo, njiwa dirishani. Wote hao, pamoja na migomba ya Kibingo, wamejengwa kwa vipande vya upande ule ule.

"Wewe dada, unaumwa?" msimamizi akauliza.

"Hapana, mwalimu. Natazama tu."

"Tazama karatasi yako."

Alipata B. Mwaka wa tatu ulipoanza, aliwahi kipindi cha kwanza, akakaa mstari wa mbele.