Sufuria Iliyonifuata Nyamyumba

Usiniambie Dubai ni nzuri. Nimekaa huko siku mbili, viyoyozi vimenipiga baridi hadi nikashikwa na mafua, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda. Nusu ya hasira hiyo ina mwenyewe: jirani tunayepakana naye ukuta, aliyerejea nchini kutoka Uganda, muuza simu, mwanamke asiyejua kutulia. Nusu inayobaki ni yangu.

Jumanne aliingia dukani kwangu na simu mkononi. Kumbe kuna tiketi za bei ya kutupa, tuondoke Alhamisi, Jumapili tumerudi. "Shoga, pasipoti yako inaoza kabatini!" Ilikuwa kweli. Niliitengeneza kwa mbwembwe, halafu safari zangu zote zikabaki zile zile za kuvuka mpaka pale Grande Barrière kuuza vitenge Goma, upande wa Kongo, na kurudi jioni. Nikakubali kabla sijafikiri. Mjinga mimi.

Mimi nimezaliwa Karagwe, lakini nimekaa Gisenyi, huku Rwanda, vya kutosha kushika tabia moja ya hapa: safari haitangazwi. Ukitamka ndege, mtaa mzima unakutolea macho. Unaenda kimya, ukirudi ndipo unasema. Na zaidi ya mtaa kulikuwa na mama yangu, ninayeishi naye. Kaka yangu alizama Ziwa Kivu akiwa na miaka ishirini, na mwili wake haukuonekana hadi leo. Tangu hapo nikichelewa nusu saa tu, mama anasimama mlangoni. Nilijua nikitaja ndege atalia hadi nibaki. Nikamwambia nakwenda Nyamyumba kwenye chemchemi za maji moto kukanda mgongo, nitalala kwa rafiki, Jumapili narudi. Nyamyumba ni hapo tu, pikipiki inakufikisha mara moja. Niliona ni uongo mdogo, tena wa karibu.

Dubai yenyewe niseme nini? Jirani alijipiga picha mbele ya kila kioo, mimi nikabeba mifuko yake kama punda. Nikanunua viatu vyekundu ambavyo sikuvihitaji. Laini yangu haikushika mtandao huko. Nikataka kuazima simu nimsalimie mama, jirani akacheka. "Mwache mama wa watu apumzike!" Nami nikamwacha.

Nilichosahau anakijua hata mtoto wa hapa. Mtu akienda kutibiwa, hata kama ni kwa maji moto tu, wa kwao humpelekea chakula. Kugemura, ndivyo tunavyoita. Mgonjwa wako hawezi kula vya watu ukiwa hai. Jumamosi asubuhi mama, mwenye miaka sabini na ushei, alichemsha viazi vitamu na maharage, akakaanga sambaza, dagaa wa Kivu, akafunga sufuria kwa kitenge na kupanda pikipiki. Kwenye chemchemi akauliza mtu mmoja mmoja. Hakuna aliyeniona. Na ziwa liko hapo hapo, hatua chache kutoka maji yanapochemka.

Jumapili alasiri tulishuka Gisenyi kwenye basi lililotoka Kigali, jirani na miwani yake ya jua. Muuza ndizi wa stendi aliponiona alishika mdomo. "Yesu wangu! Si walisema umezama? Mama yako iko Nyamyumba tangu jana, wavuvi wanakutafuta!"

Jirani akaangua kicheko. "Ala! Basi wanavua hewa!"

Nilimtukana pale pale, mbele ya abiria, matusi ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, na sijaomba msamaha. Nikaliacha sanduku barabarani na kurukia pikipiki hadi Nyamyumba.

Mitumbwi mitatu ilikuwa majini ikiburuta nyavu. Mvuvi mmoja aliyekuwa ufukweni aligeuka, akanitazama juu hadi chini. "Ye! Mutu mwenyewe huyu! Iko muzima, na viatu mupya!" Kisha uso ukamkunjamana. "Sisi tunavuta nyavu tangu jana, hatujauza hata samaki moja, na we unatoka kutembea? Bon. Uko na roho mubaya, dada." Wengine wakatema mate majini.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, sufuria mapajani, kitenge bado kimefungwa. Hakuinuka. Alivitazama viatu vyangu vyekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Dubai, mama. Nisamehe."

Akafungua kitenge. Maharage yalikuwa yamechacha, harufu ikapanda puani.

"Kula."

Nikala. Nikala yote kwa mkono, kamasi na machozi vikinitoka, wavuvi wamesimama wakitazama, na hakuna hata mmoja aliyenionea huruma. Nilipomaliza mama alichukua sufuria yake, akaisuuza ziwani.

"Kaka yako aliniambia anakwenda ziwani, na kweli alikwenda ziwani," akasema. "Yeye nilijua pa kumlilia."

Huu ni mwaka wa pili sasa. Viatu nilivigawa, jirani hatusalimiani. Nikisema nakwenda Goma, mama anainuka. Anaingia chumbani, anavaa kandambili zake, ananifuata hadi mpakani na kusimama pale mpaka anione nimevuka. Jioni nikirudi namkuta pale pale.