Programu ya Bure, Pamba ya Mama

Mimi ni mwoga, na soko la pamba lilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, uoga wangu ukapata ajira Bariadi. Mnunuzi mmoja binafsi aliniajiri nimtengenezee programu ya kompyuta ya kuandika uzito wa pamba na kuchapa stakabadhi ya mkulima.

Zana niliyotumia kuiandika programu hiyo ilikuwa ya kulipia. Sisi tulikuwa na nakala ya majaribio tu, ambayo ingejifunga kabla ya msimu kuanza. Tajiri wangu aliposikia bei ya leseni, alicheka. Rafiki yangu wa Mwanza alikuwa amenipa sidii yenye zana nyingine, ya bure kabisa, lakini niliogopa hata kuifungua. Kwetu bure ilitisha kuliko bei. Kampuni ziligawa mbegu na dawa vijijini bila kudai kitu, kisha wakati wa mavuno magari yao yakaja kusimama uani kudai pamba. Mama yangu, mkulima wa pamba, aliposikia habari za ile sidii aliniuliza mwenye sidii atakuja lini kudai. Usiku ule usingizi ukaniruka.

Tajiri ndiye aliyekata shauri. Alirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, ili zana ya kulipia idhani muda wake bado upo. Nilimwambia naogopa. Akasema nimezidi, kompyuta nayo hudanganywa kama mtoto.

Siku ya ufunguzi mama alikuja na majirani zake, mikokoteni ya ng'ombe imejaa. Tulipima, tukachapa, pamba ikaingia ghalani, malipo yakangoja jioni. Mchana akafika afisa wa wilaya, akaokota stakabadhi moja, akaisoma mara mbili. Tarehe iliyochapwa ilikuwa ya kabla ya msimu kufunguliwa, na kununua pamba kabla ya msimu ni kosa la jinai. Alifunga ghala kwa kufuli lake. Jasho la mwaka mzima la mama likabaki ndani, bila malipo. Wakulima walikaa chini nje ya ghala, wakiniangalia. Heri wangenitukana.

Basi nikaifungua ile sidii, maana kwa tarehe ya kweli zana ya kulipia ingejifunga, na leseni ya kununua isingefika Bariadi kwa wakati. Niliandika programu upya, nikisubiri kila dakika kitu kilipuke. Hakikulipuka. Tulichapa stakabadhi zote upya kwa tarehe ya kweli, afisa akazilinganisha na daftari la mpimaji wetu, lililoonyesha kuwa pamba ilipimwa siku ya ufunguzi, akafungua kufuli, na kila mtu akalipwa. Wiki zikapita, hakuna aliyekuja kudai.

Pamba ya mchumo wa pili ilipokauka, niliuona mkokoteni wa mama ukija. Nikatoka mbio kumpokea, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

Nilimwambia mashine imepona, haina tena tarehe za uongo zilizoniogopesha tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila hasira yoyote usoni.

"Siku ile ulijua, ukaogopa," alisema. "Mbona hukuniambia nisipime? Mimi nilileta pamba kwako kwa sababu uko wewe."

Akawaswaga ng'ombe kwenda kwa mnunuzi wa jirani, ambaye bei yake ilikuwa chini kuliko yetu.