Herufi Nilizomsomea Daktari wa Macho

Mimi ni dereva wa lori la mifugo, Merti hadi Isiolo, na mwezi uliopita nilijaribu kumdanganya daktari wa macho. Nina ugonjwa wa sukari, na nilikuwa nimeanza kuona ukungu. Niliogopa kuachishwa kazi. Basi nikamwomba Guyo, dereva mwenzangu aliyepimwa macho asubuhi ya siku yangu ya kupimwa, anitajie herufi za ubao wa kupimia, nikazikariri kama sala.

Daktari Halima, mama mpole, aliniketisha. Niliona kitu cheupe ukutani. Sikungoja kuulizwa, nikazitaja herufi zote hadi mstari wa mwisho. Akaniambia niweke kidevu kwenye mashine. Ikamulika mwanga, ikapiga picha ya nyuma ya jicho. Hapo jasho likanitoka, maana mashine haikuniuliza swali lolote.

Akanionyesha picha kwenye skrini. "Mzee Ekai, mishipa hii midogo imeanza kuvuja kwa sababu ya sukari. Lakini tumewahi. Tutakutibu, na kila ukirudi tutapiga picha nyingine tulinganishe. Lori lipumzike kwanza."

"Kwa hivyo sitakuwa kipofu?"

"Ukifuata matibabu, nina imani tutayaokoa macho yako."

Nilishusha pumzi, machozi yakanilenga. Kwa ile furaha nikaona afadhali nitubu. "Daktari, zile herufi sikuziona. Nilizikariri."

"Najua," akasema, akizuia kicheko. "Ubao wa herufi uko nyuma yako. Ulikuwa unanisomea kalenda."