Kifuniko cha Namba Kumi na Saba

Nilipokuwa mtoto kule Kitaya, hakuna kitu cha mwilini kilichotupwa ovyo nyumbani kwetu. Kucha zilifukiwa. Nywele zilifukiwa. Jino liking'oka, bibi alilifunga kwenye pindo la kanga mpaka apate mahali pa kulifukia, na mahali penyewe hakumwambia mtu. Alituambia mimi na Somoe, binti wa mama yangu mkubwa, kwamba kitu kikitoka mwilini bado ni wewe, na mwenye kukishika amekushika. Hakulisema hilo kwa kututisha. Alilisema kama alivyotuambia tuanue mihogo mvua inakuja.

Leo nafundisha Baiolojia katika sekondari moja ya Mtwara mjini, na kila mwaka wanafunzi wangu huniletea mawazo yao ya utafiti. Wengi wanataka kupima: maji ya visima vya Chuno, minyoo ya watoto wa shule ya msingi, presha za akina mama wanaokaanga samaki. Nawauliza maswali mengi, tena ya kishari, mpaka wengine hudhani sitaki wafanye kitu. Mwaka huu binti mmoja amekuja na wazo la kupima kichocho kwenye vijiji vya kando ya Ruvuma. Wazo ni zuri na amelipanga vizuri. Nimemrudishia karatasi yake mara tatu, kila mara kwa sababu niliyoitunga papo hapo. Sababu ya kweli inaanzia kwenye stoo ya shule ya Kitaya, mimi nikiwa darasa la nne na Somoe darasa la tano.

Mwaka huo alikuja kijana mmoja anaitwa Elia, mwanafunzi wa chuo, mtu wa bara, mwenye miwani na sauti ya upole. Alikuwa anafanya utafiti wa wiki tatu wa kumalizia masomo yake. Mwalimu mkuu akampa stoo ya majembe, naye akaweka humo meza, hadubini na maboksi ya vikopo. Sisi watoto tulimwita mwalimu, kwa kuwa alivaa suruali ya kunyoosha na alikuwa na kalamu mfukoni. Watu wazima hawakumwita chochote. Walimtazama tu akipita, na akishapita walisogeleana.

Alichotaka ni mkojo wetu. Angetaka damu, kijiji kingejua mara moja kwamba ni mumiani, wale wanyonya damu waliosemwa tangu enzi za bibi yake bibi, na angefukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini mkojo? Wazee walikaa barazani wakashindwa kukubaliana mkojo unamfaa nini mwizi.

Halafu ukaja utaratibu wenyewe, na kila hatua ilizidi kumharibia. Alisema mkojo wa asubuhi haumfai, anataka wa mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo kwetu mtoto huitwa ndani kwa kuwa majini, wenye njia zao, wanapita. Alisema kabla ya kukojoa turukeruke kwanza. Tena hakutaka majina yetu. Kila mtoto angekuwa namba. Leo naweza kueleza yote hayo ubaoni kwa dakika tano: mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, kuruka huyasukuma, na namba ni ya kumtunzia mgonjwa siri yake. Elia hakueleza. Nadhani aliona sisi ni watoto na wazazi wetu hawataelewa, na hapo ndipo hadi leo namkasirikia.

"Mtu anayelikataa jina lako," bibi alisema jioni ile akichambua mchele, "ana jambo ambalo hataki ulijue. Msimpe. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Kesho yake tukampa, kwa kuwa kila aliyetoa kikopo alipewa pakiti ya biskuti.

Tulipangwa mstari nyuma ya vyoo vya shule. Vikopo vilikuwa vyeupe, huoni kilichomo ndani, na namba ilikuwa imeandikwa kwenye utepe uliobandikwa juu ya kifuniko. Mimi namba kumi na saba, Somoe kumi na nane. Tuliruka, tukacheka, tukaingia chooni, tukatoka na kuviweka vikopo vyetu juu ya ukuta. Somoe akaenda kunawa. Mimi nikabaki nimesimama, jua limeniwakia kichwani, na maneno ya bibi yakanirudia yote kwa pamoja.

Niliogopa ile namba. Niliwaza kwamba Elia akiwa peke yake stooni ataita namba kumi na saba, na chochote kilichomo ndani ya kikopo kitaitika. Basi kiitike cha mwingine. Nikafungua vifuniko viwili, nikavibadilisha, nikafunga. Kumi na saba ikakaa juu ya mkojo wa Somoe, na kumi na nane juu ya wangu. Ilinichukua muda wa kupiga chafya. Kisha nikabeba vyote viwili nikampelekea Elia, naye akaniambia asante, mimi ni mtoto mwema.

Kosa la kuandika namba kwenye kifuniko ndilo la kwanza ninalowakataza wanafunzi wangu. Nawaambia namba huandikwa ubavuni mwa kikopo, maana kifuniko huhama. Wanaandika kwenye madaftari yao na hakuna aliyewahi kuniuliza nimelijulia wapi.

Siku ya nne majibu yakatoka. Elia alisimama mlangoni mwa stoo akaita namba za walioonekana kuwa na ugonjwa, na kumi na saba ilikuwamo. Nikaenda mbele. Alinisimamisha kwenye ufito mrefu uliochorwa mistari, akaangalia kichwa changu kimefika wapi, akanihesabia vidonge vikubwa vyeupe kwa kimo hicho. Nilimeza na uji. Vilikuwa vichungu kiasi kwamba machozi yalinitoka mbele ya watu. Somoe alikuwa upande wa pili na wale wazima, ananitazama.

Nilifika nyumbani dunia inazunguka, nikatapika mlangoni. Ikabidi bibi aambiwe. Hakunipiga. Aliniuliza nimefanywa nini, hatua moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwenye ufito. Kwetu anayepimwa urefu kwa ufito ni maiti, ili ajulikane achimbiwe kiasi gani.

"Amekupima," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na Somoe?"

"Somoe hakupimwa."

Akamvuta Somoe akamkumbatia kwa kushukuru, na mimi nikajua nimejiponza mwenyewe. Kwa hesabu zangu za kitoto, ubaya ule ulikuwa wa Somoe. Mimi niliuelekeza kwake, ukagoma, ukanirudia. Nililala kwenye jamvi nikingoja kufa. Kesho yake asubuhi niliamka mzima, nina njaa, na nikaona aibu kidogo.

Siku zilipita. Nikaanza kuona kwamba Somoe anachelewa chooni. Akitoka anakuwa amekunja uso, anakaa kwenye kigogo nje ya jiko bila kuongea. Siku moja alishindwa kufika chooni akachuchumaa nyuma ya nyumba, na alipoondoka nikapita pale. Mchanga ulikuwa na matone mekundu.

Inafaa niseme hapa kwamba sote tulioga sehemu moja. Mto Ruvuma una mamba, kwa hiyo wazazi walitukataza mtoni na kutupeleka kwenye madimbwi yanayobaki karibu na mashamba ya mpunga, maji yaliyotulia, ambako mtoto anaonekana mpaka miguuni. Hapo hapo ndipo wanapokaa konokono wanaobeba kichocho. Mimi nilibahatika, Somoe hakubahatika, basi. Lakini wakati ule sikujua habari za konokono. Nilijua kwamba mtu fulani alistahili vile vidonge na nikavimeza mimi.

Hapo ningesema. Sikusema. Kusema ilikuwa kukiri kwamba nilimtoa ndugu yangu kwa mumiani ili nipone mimi, na mtoto gani anakwenda kumwambia bibi yake neno hilo? Nikaanza kumkwepa Somoe. Akiniangalia, naangalia pembeni. Akinigawia muhogo wake, nasema nimeshiba. Kila mtu pale nyumbani nilimwona kama anajua.

Halafu asubuhi moja Somoe alishindwa kuinuka kwenda shule, na siku hiyo hiyo shuleni tukaambiwa mwalimu Elia amemaliza kazi yake, kesho anaondoka. Nikarudi nyumbani mbio. Bibi alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa niliona nikikaa sitamaliza.

Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Vifuniko tu?"

"Vifuniko tu, bibi."

Akaosha mikono. Akajifunga kanga ya pili, akaingia ndani akamwinua Somoe, akamshika mkono. Tulikatiza kijiji sote watatu, jua likiwa utosini, watu wanatutazama kutoka barazani. Njiani aliniambia bila kunigeukia, "Hayo ya vifuniko usimwambie. Ni ya nyumbani kwetu."

Elia alikuwa anafunga maboksi kwa kamba. Alisimama haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto huyu hujampa dawa."

"Namba yake ngapi, bibi?"

"Anaitwa Somoe."

Elia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema hawezi kutoa dawa bila kupima. Bibi akamwambia apime basi, tena mbele yake. Ikabidi afungue boksi alilokwisha kulifunga. Somoe akaenda chooni akarudi na kikopo. Elia alifanya kazi yake na bibi amesimama begani mwake, karibu kabisa, kama anayemchunga mtu asiibe. Baada ya muda aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, akamwambia, "Njoo uone mwenyewe, bibi."

Sikuamini kama bibi atakubali. Aliinama, akafumba jicho moja, akakaa hapo muda mrefu.

"Kina mwiba," alisema.

"Ndiyo. Hilo ni yai la kichocho. Lina mwiba, ndiyo maana linamchana akikojoa."

"Na haya mambo ulikuwa unayajua tangu ulipokuja."

"Ndiyo, bibi."

"Ukanyamaza."

 Elia alitoa vidonge. Bibi alikizuia kiganja chake hewani na kumwambia kwamba kwetu anayekukaribisha huonja kwanza. Yule kijana akamega kipande cha kidonge, akakitafuna, na uso ukamkunjamana kama mtoto. Ndipo Somoe akapewa. Kwenye ufito bibi hakukubali. Alimwambia amkadirie kwa macho, na Elia, aliyekuwa ameshapima watoto wa shule nzima, akamkadiria.

Tulipokuwa tunatoka bibi alirudi mezani akachukua kikopo cha Somoe na kilichobaki ndani. Alikwenda nacho nyumbani amekifunika kwa kanga, akachimba shimo nyuma ya jiko, akamwaga, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Hakuwa amemwamini Elia hata chembe. Mpaka anakufa, jina la Elia likitajwa, alisema, "Yule mpimaji," na kugeuza mazungumzo. Lakini alikwenda. Nikimfikiria bibi yangu namfikiria siku hiyo, mwoga kuliko mimi, akielekea mahali anapopaogopa huku amemshika mtoto mkono, na moyo wangu hujaa.

Somoe alipona. Sasa yuko Nanyamba, ana mume, shamba la korosho na watoto watatu. Msimu huu alipomaliza kuuza alikuja kunitembelea Chuno, tukawa tunakula, nikamwelezea habari za yule mwanafunzi wangu na kichocho chake. Nikaona nimwambie. Tumekaa umri wote huu na sikuwahi kumwambia, na bibi hakumwambia.

"Dada," nikasema, "siku ile ya vikopo, mimi ndiye niliyebadilisha vifuniko."

Alikuwa anatoa miba kwenye samaki. Hakuacha.

"Najua. Nilikuwa nanawa, nikageuka, nikakuona."

"Kumbe mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utakaa siku ngapi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Tangu ulipoitwa ukameza dawa yangu mpaka ulipomwambia bibi, ni siku kumi na moja," alisema. "Nilikuwa naweka kokoto chini ya jamvi, upande wangu. Nilisema zikifika kumi na mbili, mimi sina ndugu."

Akaniwekea kipande cha samaki kisicho na mwiba kwenye sahani yangu, tukaendelea kula. Maisha yangu yote nilikuwa nimejiambia kwamba katika kisa kile wa kumshuku alikuwa Elia, au, nikizidisha ukali, bibi na mashimo yake. Nimewafundisha watoto wa watu kujihadhari na mpimaji asiyeeleza, na kwa hilo sijuti. Binti yule nimemruhusu aende, kwa sharti kwamba kabla ya kugusa kikopo chochote akae na akina bibi awaeleze kila hatua mpaka wachoke kuuliza.

Ila kuna neno moja sikumwambia Somoe mezani pale, na sijui kama nitamwambia. Katika siku zile kumi na moja na mimi nilikuwa nahesabu. Nilihesabu siku zilizobaki Elia aondoke na dawa zake, ili iwe nimechelewa, nisilazimike kusema tena.